Viti Vitatu vya Jumatano

Jumatatu, 7 Agosti

Janelle kapiga simu. Habari nzito. Hospitali ya hapa kwetu Kessel Grove imempa kazi ya uuguzi, na jibu wanalitaka Jumatatu ijayo. Miaka kumi na miwili mtoto yuko Chicago, na sasa anaweza kurudi nyumbani! Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake kuondoa mishipi yangu ya kuvulia samaki.

Lakini anaogopa ukimya. Kasema, Baba, huko si mpaka mbwa wanapiga miayo? Atakuja Ijumaa kwa Siku za Mahindi, sikukuu ya mji wetu, atatazama gwaride la Jumamosi, kisha ataamua. Mara ya mwisho alipotazama gwaride tulikaa mahali petu pa siku zote, mbele ya kituo cha mafuta, juani, kando ya pipa la taka. Nyigu akamuuma mdomo. Alisema mji huu una jambo moja tu, na hilo moja linauma.

Nimemwambia Ardis kwamba safari hii tutakaa kona ya duka la dawa. Pana kivuli cha mti. Bendi ya shule husimama pale pale ikapiga wimbo mzima, ilhali sisi wa kituo cha mafuta huambulia ngoma ya mwisho tu. Ardis kasema kona ile ni ya jirani yetu Delmar Vogt kwa miaka ishirini na sita sasa, nisijitafutie balaa, na mtoto nimwache aamue mwenyewe. Mke wangu hana jicho la mbali. Ila nimemwona katandika kitanda cha Janelle leo hii, siku nne kabla. Kaulainisha mto mara mbili.

Jumanne, 8 Agosti

Nimekwenda kwa Delmar kuomba kona. Si kuomba kwa mdomo, bila shaka. Sisi si washenzi. Tumeongea mvua dakika ishirini. Tumeongea mahindi. Tumeongea goti lake la kushoto, halafu la kulia. Ndipo nikachomekea, taratibu kabisa, kwamba siku hizi jua la pale kituo cha mafuta limekuwa kali mno, na Janelle anakuja.

Delmar kafikiri sana. Kisha kasema, jua nalo lina yake, bwana.

Basi. Hakuongeza neno. Nilipiga magoti yangu viganja nikasema haya basi, ishara ya kuondoka, na baada ya nusu saa tulikuwa tumefika mlangoni. Hapo akanishikisha mamumunye manne ya bustani yake, kila moja urefu wa mkono wangu. Mamumunye ya jirani hayakataliki. Nimerudi nyumbani na mamumunye manne na kona sina.

Ardis kauliza mazungumzo yamekwendaje. Nimemwambia yanaendelea.

Jumatano, 9 Agosti

Kila mtu mjini anajua viti vya gwaride huwekwa barabarani kuanzia Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna sheria iliyoandikwa. Nimeitafuta. Na kama haikuandikwa, aliyeivunja kavunja nini?

Saa kumi na moja jioni nimepeleka viti vyetu vitatu vya kukunja, vile vya kijani, majina yetu yamebandikwa chini ya kila kimoja. Nimevipanga kwenye kona ya duka la dawa, mstari wa mbele, kivulini. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ardis kaniambia haraka haraka haina baraka. Tukaachia hapo, sare, methali moja kwa moja.

Ndani ya robo saa magari matatu yamepunguza mwendo. Hakuna aliyesema kitu. Hapa kwetu ukiona watu wamenyamaza hivyo, jua umetenda dhambi. Bibi mmoja, ambaye siku zote hunipungia kidole kimoja juu ya usukani, leo kanipungia mkono mzima. Kanihurumia.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, hodi. Afisa Tammy Rasch wa polisi, ambaye nilimfundisha kudaka mpira akiwa na miaka tisa. Kasema wamepigiwa simu kuhusu viti. Nikasema navianika. Kasema, Barabara Kuu, mzee? Nikasema pale upepo ni mzuri zaidi. Akaandika.

Ardis kamkaribisha keki. Kipande cha pili alikikataa mara mbili, mara ya tatu akakipokea, mtoto kalelewa vizuri. Alikaa hadi saa moja. Wakati wa kuondoka akasema, mimi sisemi kitu, mzee Haase, nasema tu kwamba leo ni Jumatano.

Viti sikuviondoa. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepita kwenye kona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tayari kwa vita. Viti vyangu viko pale pale, havijasogezwa hata unyayo. Viti sita vya Delmar viko nyuma yangu, safu ya pili, kwa adabu kabisa. Ningeweza kuvumilia hilo. Lakini kiti changu cha kushoto kilikuwa na mkanda uliokatika tangu mwaka juzi, na mkanda ule umebadilishwa. Mpya. Wa kijani kile kile.

Yaani huyu mtu hana huruma hata kidogo. Kifungua kinywa hakikupita. Kimepita, ila kwa shida.

Kisha likaja gazeti letu, ambalo hutoka Alhamisi. Ukurasa wa tatu, matukio ya polisi ya wiki nzima. Popo kaingia maktaba, katoka mwenyewe. Mbwa asiyejulikana kaonekana, kumbe anajulikana. Halafu hili: “Jumatano jioni. Viti vitatu vyaonekana Barabara Kuu. Mwenye viti aeleza kuwa anavianika. Viti vilikuwa vikavu.”

Nilipokwenda kunywa kahawa mgahawani, wazee wote wanne wa meza ya dirishani wameniuliza, mmoja mmoja, leo ni siku gani. Wa nne kauliza na keshacheka.

Jioni Janelle kapiga simu. Kumbe analisoma gazeti letu kwenye simu yake huko Chicago, kila wiki. Sikujua. Kaniamkia, halafu kauliza, Baba, viti vimekauka? Akacheka mpaka akakohoa. Nilicheka naye, lakini moyo ulinishuka. Nilitaka aone mji wenye mambo. Ameona popo, mbwa, na baba yake.

Ardis kasema sijui kusoma kicheko. Nimemwambia mimi ndiye niliyemfundisha huyo mtoto kucheka.

Ijumaa, 11 Agosti

Mpango mpya. Uungwana. Janelle akifika aone baba muungwana.

Saa kumi na moja alfajiri nimekwenda kwenye kona nikavichukua viti sita vya Delmar, nikavipanga mbele ya vyangu. Nikarudi kitandani na roho nyeupe.

Saa nne nimepita tena. Delmar kavichukua vyangu kavipanga mbele ya vyake. Sasa vyangu vilikuwa ukingoni mwa njia ya miguu. Nikaona, hapana, mtu hanishindi kwa wema mchana kweupe. Nikavichukua vyake, nikavipanga mbele ya vyangu. Hapo miguu ya viti vyake ilikuwa imeshashuka kwenye lami, lakini kidogo tu.

Saa nane, vyangu mbele. Juu ya lami kabisa. Saa tisa, vyake mbele. Muda si muda, vyangu tena. Saa kumi Janelle kaingia mjini kutoka barabara kuu ya mashariki, na kitu cha kwanza alichokiona ni viti vitatu vya kijani katikati ya njia, msururu wa magari manne, na kila dereva anamwashiria mwenzake apite kwanza. Hakuna aliyepiga honi. Kasema alikaa pale dakika sita.

Afisa Tammy kaitwa. Katusimamisha mimi na Delmar kando ya mti. Kauliza nani kaanza. Delmar kasema yeye. Nikasema hapana, mimi. Delmar kasema, Verlyn, bwana, usijisumbue, kosa langu. Tammy kafumba macho kidogo. Kisha kavichukua viti vyote tisa mwenyewe, kavipanga safu moja kivulini, kasema anayegusa kiti chochote kabla ya gwaride atalala kituoni. Kituo chetu kina kitanda kimoja, na mwezi huu wamekitumia kuwekea maboksi.

Nyumbani nimekuta ile habari ya gazeti imebandikwa kwenye friji. Ardis. Nimemngojea Janelle aongee. Kala viazi vya oveni sahani mbili, kaenda kulala saa tatu. Amelala kitandani kwake. Nimepita mlangoni nikasikia anavyokoroma, vile vile kama zamani, nikasimama pale muda.

Jumamosi, 12 Agosti

Gwaride. Viti tisa, safu moja. Mimi katikati, Delmar kuume kwangu. Bendi imesimama mbele yetu ikapiga wimbo mzima, na yule mwenye tarumbeta kubwa kanielekezea mimi sikioni. Kumbe wimbo una mwanzo! Mwanzo wake ni mzuri sana. Macho yalinitoka machozi. Nimemwambia Ardis ni upepo wa tarumbeta.

Nikageuka nimwone Janelle anavyofurahi. Hayupo! Kahamia upande wa pili wa Delmar, wanaongea, wamelipa gwaride kisogo. Gari la zimamoto limepita likirusha peremende, moja imenipiga paji la uso, hakuona. Siku sita za jasho na mtoto hatazami.

Delmar hakuitaja Jumatano hata mara moja. Mwishoni kasema, kivuli kizuri. Nikasema, si kibaya. Tumesameheana.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya kanisa, mezani. Janelle kaweka uma chini. Kasema ataichukua kazi.

Ardis kaenda jikoni kafungulia bomba, na kwenye sinki hapakuwa na chombo hata kimoja. Mimi nimelitazama hindi langu.

Baadaye kasema sababu. Kasema anapoishi, kiti kikisahauliwa nje dakika kumi kimepata mwenyewe mpya. Hapa viti vitatu vimelala mtaani, na kosa pekee ni kwamba vilitoka mapema, na aliyenyang'anywa mahali kaja na mkanda wa kuvitengeneza. Kasema, Baba, nilisoma lile gazeti kwenye basi, nikacheka, halafu nikagundua nalia, watu wananitazama. Nataka kukaa mahali ambapo polisi wanakuja kwa sababu ni Jumatano.

Nikamwambia chumba chake kiko tayari. Akanishika mkono. Kasema amekwisha kupatana na Delmar kuhusu ghorofa yake ya juu. Anataka pa kupumzika baada ya zamu, na kwetu hapa, kasema, kuna pilikapilika mno.

Kwa Delmar! Lakini ni ng'ambo ya barabara. Nikisimama kwenye sinki naliona dirisha lake.

Jumatatu, 14 Agosti

Janelle kaondoka asubuhi kwenda kufungasha. Kuagana kumechukua saa nzima, ikiwemo robo saa kwenye dirisha la gari. Jibu kalipeleka hospitali mwenyewe, kwa mkono.

Nimekaa nikapiga hesabu za akili. Nani kamrudisha mtoto? Viti. Viti vya nani? Vyangu. Vya siku gani? Jumatano. Laiti ningemsikiliza Ardis nikangoja Alhamisi, mtoto angebaki Chicago. Nimemweleza hayo hatua kwa hatua. Kaniangalia, akaenda kuoka keki.

Watu wote wamekwisha kuchukua viti vyao kwenye Barabara Kuu. Vyangu nimeviacha pale kwenye kona. Nimeongeza na cha nne, cha kumwekea Delmar, ili asije akasema mimi ni mchoyo. Gwaride lijalo limebakiza chini ya mwaka mmoja, na kona ile ina watu wengi wanaoitamani.

Gari la polisi limepunguza mwendo nje. Ardis keshatoa sahani tatu.