Ombi la Kugawana Mtoto Tukiwa Bado Tunapendana

Asifiwe Yoramu,
Katandala, Sumbawanga.

Mheshimiwa Hakimu, shikamoo.

Ninakuandikia nikiwa na furaha inayonizuia hata kula. Leo ni siku ya ishirini na tatu tangu niolewe na Masunga, fundi cherehani wa Majengo, mwanaume anayezunguka vibanda vyote kunitafutia ule udongo mweupe wa kutafuna, kwa sababu ya hali yangu. Mungu akipenda tutajifungua Oktoba (miezi usiihesabu, Mheshimiwa). Ndiyo maana nalalamika.

Wiki jana tulifika mahakamani kwako kula kiapo cha jina langu. Tukiwa kwenye benchi chini ya dirisha, tulisikia shauri la Oswaldi na Agnesi, walioachana na sasa wanagombea mtoto. Nililia. Masunga alinifuta machozi kwa kitenge cha mteja. Kasoro nilizoziona ni hizi:

1. Mahakama huwauliza wazazi habari za mtoto siku ambayo hawawezi hata kuulizana saa. Uliuliza mtoto anapenda chakula gani. Baba akasema wali, mama akasema ndizi, wakabishana mpaka ukagonga meza. Mtoto mwenyewe, wa miaka tisa, alipoulizwa anataka kukaa wapi, alijibu shuleni. Mimi na Masunga tungeulizwa leo tungejibu kama kwaya.

2. Nimeambiwa sheria inaangalia maslahi ya mtoto, na kwamba aliye chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni heri akae na mama. Masunga aliposikia hivyo alinyong'onyea, akashona suruali ya mwalimu mguu mmoja nje ndani. Maslahi ya mume mpya yanaangaliwa na nani?

3. Afisa ustawi wa jamii huja kukagua nyumba watu wakishagawana vyombo. Aje kwetu sasa. Sufuria zote zipo. Atatukuta tunakula sahani moja.

4. Karani wako. Hili ndilo lililoniuma. Tulimwomba kwa adabu atufungulie shauri la kugawana mtoto mapema, tukiwa na akili timamu na mapenzi mazito. Akauliza nani mdai, nani mdaiwa. Masunga wangu akamjibu kwamba mdai ni mke wake, yeye yuko tayari kudaiwa mpaka kufa. Karani akasema hana fomu ya watu wanaochekeana, tupishe, nyuma kuna foleni.

Kwa hiyo naomba iamriwe kwamba Rukwa nzima ndoa isifungwe kabla bwana na bibi harusi hawajawasilisha mgawanyo wa watoto. Wachumba nao wajaze wa kwao. Hata wanaotumiana ujumbe tu, kabla ya kujibiwa, waseme kwanza Jumamosi mtoto atakuwa kwa nani.

Sisi tumeshaanza, ili tuwe mfano. Jumatatu hadi Ijumaa mtoto kwangu, Jumamosi na Jumapili kwa Masunga. Kimebaki kipengele cha likizo, ni kidogo tu, tunakimalizia mchana huu.

Nisalimie familia yako, karani (nimemsamehe), pamoja na Oswaldi na Agnesi, kila mmoja kwake.

Ni mimi, mke wa mtu kwa raha zote,
Asifiwe, mama mtarajiwa.

N.B. Kipengele cha likizo kimetushinda. Masunga anasema likizo zote mtoto ataenda Kaoze kwa bibi yake, akachunge ng'ombe na kujua Kisukuma. Kumbe aliposema mtoto wetu, hakuwa na maana ya mimi na yeye, alikuwa na maana ya yeye na mama yake. Nilimwambia hivyo. Amebeba cherehani, ameondoka.

Mwambie karani alete ile fomu. Mdai ni mimi. Mdaiwa anapatikana Kaoze, kwa mama yake. Mtoto kwa sasa anakaa na mdai, na ukiuliza anapenda kula nini, andika udongo mweupe. Ila mdaiwa aitwe haraka, Mheshimiwa, maana kibanda unakouzwa anakijua yeye tu.