Fimbo Fupi ya Pikapu ya Tantine Edith

Jumatatu, 29 Januari

Habari kubwa! Dereva wa Tantine Edith ameacha kazi na kuhamia Kolwezi. Tantine, dada mdogo wa baba, anauza samaki wakavu kutoka Pweto. Wiki ijayo pikapu lazima ikapakie mzigo, ili samaki wafike sokoni kabla ya Kwaresima. Akikosa Kwaresima, mwaka wake umekwisha. Kwa hiyo anahitaji dereva, na mimi, Liévin, nahitaji usukani. Nimekaa nyumbani nikingoja kuitwa mgodini hadi mama ameacha kuniuliza. Alipokuwa akiuliza iliniuma kidogo. Sasa inaniuma sana.

Tatizo ni Guelord, mtoto wa yaya wa Tantine, yaani dada yake mkubwa. Anaendesha kibasi cha parokia na huvaa lunettes, miwani ya jua, hata mvua ikinyesha. Tantine amesema atatupima wote wawili. Guelord amecheka. Acha acheke.

Jumanne, 30 Januari

Nimekwenda uani kwa Tantine kuichunguza pikapu yake ya Kijapani. Gia naijua. Lakini pembeni yake kuna fimbo ya pili, fupi, imeandikwa 2H, 4H, N, 4L. Mtu mwingine angeuliza. Mimi nina akili. H ni *hommes*, yaani wanaume au watu, kama kwenye mlango wa choo cha baa. 2H, watu wawili ndani ya gari. 4H, watu wanne. 4L, wanne *lourds*, yaani wazito. N ni *normale*, ya kawaida. Wajapani ni watu wa mpangilio kweli.

Guelord alipita akaniuliza kama nimeielewa ile fimbo. Nikamjibu kwamba wengine tumezaliwa tunaielewa. Akasema vizuri, akaenda zake bila kunieleza lolote. Mchoyo yule.

Alhamisi, 1 Februari

Jaribio la mjini. Ndani tulikuwa wanne: mimi, Tantine, Guelord, na Plamedie binti wa Tantine. Basi nikaweka 4H, kwenye lami kavu. Pikapu ikawa nzito. Kila kona matairi yalilia na usukani ukakazana kama mbuzi anayekataa kuingia sokoni. Nikaeleza kwamba ni uzito wa abiria. Plamedie akauliza namsema nani. Macho yangu yakaenda yenyewe kwa Tantine. Kosa kubwa.

Ili kuokoa hali nikaivuta fimbo kwenda 4L, ya wazito, gari likiwa bado linakimbia. Chini kukatoka sauti ya kusaga mawe. Tantine akapiga ishara ya msalaba. Guelord alikuwa anatabasamu dirishani. Anajua kitu na hasemi! Bahati yangu, jana amekwangua kibasi cha parokia kwenye lango la paroko, kwa hiyo Tantine hajaamua. Jumamosi tunakwenda kupimwa kwenye matope ya Kasungami, pembeni mwa mji.

Jumamosi, 3 Februari

Tantine alitangulia kwa teksi kwenye shamba lake la Kasungami. Kwenye pikapu tulikuwa mimi na Guelord tu, kwa hiyo 2H. Tukakwama. Guelord akasema niweke nne. Nikamuuliza hao wengine wawili wako wapi. Akashuka kusukuma. Nikakanyaga mafuta, na matairi ya nyuma yakammwagia matope kuanzia miwani hadi soksi. Tukatoka! Nilicheka njia nzima na sijutii.

Shamba la Tantine liko kwenye mteremko. Jirani yake, Mama Mapalo, akamhurumia Guelord, akampa ndoo na sabuni, naye akaingia kwenye bafu la nyasi pale chini. Mimi nikaegesha. Breki ya mkono ilikufa zamani, kwa hiyo niliacha gia ya kwanza, kama Tantine afanyavyo siku zote. Kisha, kwa kuwa ndani hakukuwa na mtu hata mmoja, fimbo fupi nikairudisha kwenye N. *Normale*.

Pikapu ikaondoka. Taratibu, kwa heshima zote, bila mimi. Ikapita kwenye mahindi, ikabomoa bafu na kusimama. Mbele ya bampa alikuwa Guelord, povu kichwani, ndoo akiishika mahali panapostahili. Hakuumia popote. Mama Mapalo aligeuza uso, ila hakuwa na haraka.

Tantine aliingia ndani ya gari, akaitazama fimbo, akashuka. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

« Liévin, N njo point mort. Ukiiweka pale, hata première iko ndani, moteur na magurudumu haiko pamoja tena. Ungeua Guelord, mutoto wa yaya yangu, juu ya kuona haya kuuliza. »

Nililia kidogo nyuma ya mahindi. Ufunguo amepewa Guelord.

Jumapili, 4 Februari

Baada ya misa Tantine alitufundisha. Barabara ngumu, 2H. Matope, 4H, magurudumu yakiwa yamenyooka. Kabla ya 4L, simama kabisa. Ukirudi pagumu, rudisha 2H. Na kabla ya yote mtu ashuke afunge moyeux, vile vifuniko vya chuma katikati ya magurudumu ya mbele, la sivyo mbele hakuvuti; dereva wa zamani aliziacha zimefungwa, Tantine akazifungua kwa ajili ya lami. Hayo ya mwisho nimeyaandika tu bila kuyatia maanani, nilikuwa nawaza Guelord anaweza kupata homa kwa njia gani. Tutakwenda sote na Tantine: Guelord anaendesha, mimi nashuka kuzungusha moyeux. Kazi ya aibu, lakini nimekubali.

Jumanne, 6 Februari

Tumeipita Kasomeno, njiani kwenda Pweto. Mbele, matope matupu. Guelord akasimama lakini hakushuka, ana viatu vipya. Akaniambia nikashughulikie moyeux.

Nikachuchumaa. Zimeandikwa LOCK na FREE. Hapa hakukuwa na haja ya kumsumbua mtu. LOCK ni *location*, ya magari ya kukodisha, na letu si la kukodisha. FREE ni *frein*, yaani breki, Wajapani wamekosea herufi tu. Penye utelezi mtu anahitaji nini kama si breki? Zote mbili zilikuwa kwenye FREE tayari. Nikazikaza zaidi, nikapiga bodi: twende!

Guelord akaweka 4H kwa maringo. Tukazama. Akasimama kabisa, akaweka 4L, kama alivyofundishwa. Tukazama zaidi. Magurudumu ya nyuma yalichimba, ya mbele yalitazama tu. Anaapa amefanya kila kitu sawasawa. Lori la wavuvi limeahidi kutuvuta asubuhi. Tantine, anayewaza samaki na Jumatano ya Majivu, amemnyang'anya ufunguo.

« Weye na lunettes yako, panda nyuma. Liévin, kesho njo weye utaendesha. »

Usukani ni wangu! Nina furaha hadi njaa imeniisha. Guelord amejikunja nyuma chini ya turubai. Nami, kama dereva mwenye dhamana, nimeshuka tena kukagua moyeux. Zote ziko kwenye FREE. Usalama kwanza.