Uzinduzi wa Mfumo wa Kudhibiti Wateja Wasiofika, Kwa Vonza

Mheshimiwa Chifu Muthama, naibu wako ambaye yuko njiani tangu jana, Mchungaji Jonah uliyetufungulia kwa maombi ya dakika arobaini, wazee wa vijiji, akina mama wa vyama, wenye maduka wa Kwa Vonza, wageni kutoka Tulia, stakeholders wote kwa ujumla, na hasa nyinyi wateja wangu mnaopenda kukosa miadi: kila mtu ajihesabu ametajwa. (Makofi, mstari wa mbele.)

Mimi, Wakili Ndululu, mkurugenzi mtendaji, katibu, karani na mfagiaji wa ofisi ya uwakili yenye wakili mmoja, yaani mimi, nimesimama leo Alhamisi saa tatu kamili asubuhi kuzindua Mfumo Jumuishi wa Kudhibiti Wateja Wasiofika, kulingana na strategic plan niliyoiandika mwenyewe na kuipitisha mwenyewe bila kupingwa. Utafiti wangu, nilioufanya kwa kufikiria sana, unaonyesha kwamba asilimia themanini na moja nukta nne ya wateja hawafiki. Mvua ikinyesha siku mbili tu, mteja anachukua jembe anaenda kupanda mbaazi, anasahau kwamba haki haingoji mbaazi! (Kicheko. Sauti: “Tulikuja! Mlango ulikuwa na kufuli!”)

Nimesikia. Kwa mujibu wa policy, mteja aliyefika ni yule aliye ndani ya ofisi. Aliye nje ya kufuli hajafika, hata akilala hapo. Na wiki hiyo mnayolalamikia nilikuwa Mtito Andei, kwa seminar ya kutunza wakati, ambayo kwa sababu zisizozuilika ilichukua siku tisa.

(Mama Mbithe, mjane, anasimama na barua mkononi: “Wakili, kesi yangu inasikizwa leo, saa hii, Kitui! Shemeji yangu Kiilu anataka kuuza shamba ninalolima. Nimekuja kwako mara tatu. Tafadhali, twende!”)

Asante mama kwa hiyo public participation. Mpigieni makofi! (Hakuna anayepiga.) Lakini subira huvuta heri. Jambo la mtu binafsi linahitaji appointment, appointment hupangwa na karani, karani ni mimi, na mimi kama unavyoniona niko kwenye hotuba. (“Ngai! Na watoto nitawapeleka wapi?”) Swali zuri, tutaliundia kamati.

Chini ya mfumo huu, kila mteja atapigiwa simu siku moja kabla, atatangazwa kanisani, na akikosa mara mbili faili yake itafungwa bila huruma, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Makueni nzima watakuja hapa kufanya benchmarking, waige mfano wetu! (Chifu anaamka, anapiga makofi.)

(Simu ya wakili inalia. Anasoma ujumbe kwa sauti ya kutangaza.) Ndugu zangu, ni saa nne na nusu, na karani wa korti ananiarifu kwamba kesi ya Mama Mbithe imetupwa, zuio la kuuza shamba limeondolewa, kwa sababu upande wetu haukuwa na mtu hata mmoja. (Mama Mbithe anaketi chini, kwenye vumbi.)

Sasa mmejionea wenyewe! Kesi ni yake, shamba ni lake, na yeye yuko hapa anasikiliza hotuba! Wateja wa namna hii tutawasaidiaje jamani?

Mteja kwa wakati! Haki kwa wakati! (Chifu, peke yake: “Kwa wakati!”)

Nawashukuru sana. Namshukuru Mchungaji kwa hema, na Mulwa wa photocopy kwa ile kompyuta tuliyoifunika kitambaa hapa mbele kama ndiyo Mfumo wenyewe, ambayo anaomba arudishiwe sasa hivi kwa sababu ana wateja. Na wewe Mama Mbithe, usilie. Siku nitakayonunua kitabu cha miadi, jina la kwanza kuandikwa litakuwa lako: hakufika.