Kurasa Kumi na Nne za Kumtakia Dada Heri

Jumatatu, 4 Agosti

Leo historia imekata kona. Dada yangu anaolewa Jumamosi, na mimi ndiye nitakayesimama kusema lile neno la kunyanyua glasi. Mjomba bado hajajua. Atajua.

Kikwazo ni kimoja: Binamu. Tunamwita Redio, ingawa tangu arudi kutoka chuoni betri zimekwisha, hasemi mpaka aulizwe. Mjomba, mkuu wa familia, ameshatangaza kwamba atakayesema ni Redio, eti kasoma. Kasoma! Mimi shule niliiacha kidato cha pili, nakiri, na hata hapo nilikuwa nakaa nyuma. Lakini sauti yangu ilikuwa inakaa mbele.

Wala si kiherehere tu. Mama Ukumbi, mwenye ukumbi wa sherehe, mshereheshaji wake amehama. Jumamosi atakuwepo, masikio wazi. Atakayewakuna watu, maikrofoni ni yake kila wiki. Na mimi nimechoka! Mwaka mzima niko karakana ya Bosi, tunakata vioo vya madirisha na vya kujitazamia, na cheo changu ni ufagio. Sheria yetu: kioo kikivunjika, wa kwanza kusikia hupaza sauti, "Miguu!" Aliyekaa anainua miguu juu, aliyesimama anaganda, mpaka nipite kufagia. Leo tumeganda mara tatu. Mara mbili aliyeangusha ni mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Kumlainisha Mjomba. Nimejitolea kumfungia kioo kwenye kabati lake jipya, bure, damu nzito kuliko maji. Nimepima kwa jicho. Futi ni ya watu wasiojiamini.

Kioo kimekaa chini kidogo. Haya, chini sana. Mjomba akisimama anajiona kuanzia kifungo cha tatu kushuka. Nikajua leo nimekwisha. Akageuka huku, akageuka kule, akasema tangu kipara kimwingie hajawahi kupendeza namna hii. Akaniuliza mpwa wangu unataka nini. Nikasema glasi. Akaguna mpaka kabati likatikisika. Tukaelewana: Redio aanze, mimi nimalizie, kila mtu dakika moja.

Dakika moja! Hiyo si ya kukohoa tu?

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi. Saa ya chakula karakana ilikuwa tupu, nikasimama katikati ya vioo vya kujitazamia. Nimejiona mara kumi na moja, na wote kumi na mmoja walikuwa watanashati. Nimefika methali ya sita, mkono hewani, mteja akaingia akanunua kile kioo kikubwa nilichokuwa naongea nacho. Nikabebwa nje katikati ya sentensi.

Bosi, kumbe alikuwa nyuma ya mlango, kasema alivyosikiliza, hajui anayeolewa ni dada yangu au ni mimi. Wivu huo.

Kurasa tisa mpaka sasa.

Alhamisi, 7 Agosti

Dada kanikamata sikio jikoni. Uvumi umemfikia. Ana ombi moja tu, moja katika uhai wake wote: nisitaje habari ya mtaro. (Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe alitumbukia kwenye mtaro. Akafika na kiatu kimoja, akasema ndio mtindo wa sasa. Mama mkwe akaamini, mpaka leo anaamini.) Nikaapa kwa kichwa changu. Dada akasema niape kwa kitu chenye kitu ndani.

Tatizo: mtaro uko ukurasa wa tano, na ndio uti wa mgongo. Ukiutoa, hotuba inalala chali. Nimeuacha. Siku yenyewe atacheka.

Kurasa kumi na nne.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda ukumbini kusaidia kupanga meza. Moyo wa kujitolea ninao, ila pia nilikuwa na shughuli yangu. Nimezigonga glasi zote kwa kijiko, moja moja. Zote zinasema tup. Moja tu inasema tiiing, kama kengele ya shule. Redio akiipata hiyo, mimi nitabaki kupiga tup mbele ya Mama Ukumbi. Kwa hiyo nimeitia alama kwa kisu cha kukatia kioo cha karakana: mstari mwembamba, umeizunguka glasi nzima kama mkanda. Nimeiweka mahali pangu.

Wakati mwingine akili yangu inanitisha mwenyewe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi sasa hivi, nguo za harusi sijavua. Naandika hivyohivyo.

Redio alianza. Alisema Dada ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Alimshika kiti kwa nyuma, akawa anakimbia naye, kisha siku moja akamwachia bila kumwambia. Akasema bwana harusi ajue, mkono wa namna hiyo ndio unaomshika kuanzia leo. Tunyanyue. Basi, akakaa. Kafupi! Hata methali moja hakana! Watu walifuta machozi, nadhani kwa uchungu wa kupunjwa.

Zamu yangu. Nikanyanyua glasi, nikachukua kijiko, nikagonga.

Sasa. Mwaka mzima nafundishwa jambo moja: chora mstari, gonga, kioo kinakatika hapohapo. Mwaka mzima! Tiiing, na nusu ya juu ya glasi ikaniaga. Ikapasuka sakafuni, juisi nyuma yake. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapiga kelele kwenye maikrofoni: "MIGUU!"

Meza ya karakana, Bosi na mafundi wanne, miguu juu kwa pamoja kama gwaride. Wageni wakatazamana, wakadhani ndiyo shughuli yenyewe. Meza ya pili, juu. Ya tatu, juu. Mjomba juu, soksi moja nyeusi, moja ya kijani. Mama mkwe wa Dada, mtu ambaye hajacheka tangu kadi zichapwe, akashika gauni na kuinua visigino. Bwana harusi alikuwa wima, akaganda na keki mdomoni. Watu mia mbili, miguu hewani, na mimi nachutama chini ya meza na ufagio wa ukumbi! Nilipomaliza nikasema kwa mazoea, shusheni. Puuu! Ukumbi ukalipuka. Vigelegele, watu wameshika mbavu, Dada kacheka mpaka wanja umefika kidevuni. Mama Ukumbi akainuka, anapiga makofi, anakuja upande wangu.

Mtu mwingine angekaa. Mimi nikatoa kurasa.

Ukurasa wa pili, makofi yakapungua. Wa tatu, Mama Ukumbi akarudi kitini. Wa nne, mama mkwe akauliza choo kiko wapi, meza nzima ikamsindikiza. Wa tano, nikavuta pumzi niseme mtaro, maikrofoni ikazima.

Mimi nasema umeme. Redio anasema ni Dada, kang'oa waya kwa mkono wake mwenyewe, shela kichwani. Fitina!

Jumapili, 10 Agosti

Dada kapiga simu kutoka fungate. Kasema ile miguu ataikumbuka mpaka uzeeni, mama mkwe bado anaihadithia majirani, na hayo mengine ameshayasahau, nami niyasahau. Anaona haya kuzisifia kurasa zangu. Namjua.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama Ukumbi kaja karakana! Nikaficha ufagio. Kasema juzi alikuwa anakuja kunikabidhi kazi palepale, ndipo akaona nimetoa makaratasi. Akamwendea Redio, Redio kakataa, hapendi watu wengi. Basi amenirudia mimi kwa majaribio: Jumamosi ijayo kuna mwalimu mkuu anastaafu. Masharti kanihesabia kwa vidole, taratibu, kama anamwambia mtoto. Dakika moja. Niwachekeshe, nimtakie mzee heri, nikae. Nikizidisha hata pumzi, nirudi kwenye vioo vyangu moja kwa moja. Akaniuliza nimeelewa?

Nimeelewa, mama! Nikampa mikono yote miwili. Bosi kachungulia dirishani, kasema Mungu amsaidie mwalimu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimekaa nimefikiri, na kosa la Jumamosi nimeliona. Ni haraka. Nilirukia mambo bila utangulizi, watu wakapotea njia. Safari hii naanza pale ualimu ulipoanza duniani, nashuka taratibu mpaka shule yake, darasa kwa darasa. Daftari la kwanza limejaa. Niko ukurasa wa kumi na tisa, na bado sijawasalimia wageni.