Jua la Erzurum na Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Januari
Baridi ya kukata masikio hapa mjini Erzurum. Shemeji Feramuz, kaka wa mke wangu Nazife, amefunga paneli za umeme wa jua. Mkahawani alitamba hadi bonge la sukari la kunywea chai likamponyoka shavuni. Eti paneli zinapenda baridi! Nikamwambia mbele ya watu kuwa umeme ni wa kuwashia taa. Kuoga kunataka mabomba ya kuchemsha maji kwa jua. Na ninayafunga! Mama mkwe, Bi Gülizar, kasikia. Katangaza kwamba atakayemwogesha maji moto wiki hii ndiye atakayekaa naye hadi theluji iyeyuke. Feramuz ashinde? Thubutu!

Jumatano, 16 Januari
Mabomba yako juu ya paa. Fundi alisisitiza nitie dawa ya kuzuia kuganda. Nikamjibu kuwa maji ni maji, asinifanye mjinga. Akaguna, akashuka ngazi. Jua likawaka. Alasiri, maji ya kubabua mkono! Kwa Feramuz bado ni vuguvugu. Bi Gülizar ameoga, katoka mwekundu kama nyanya, kanibariki. Ushindi!

Alhamisi, 17 Januari
Amehamia. Upande huu wa ushindi sikuufikiria. Kiti changu cha karibu na jiko kachukua yeye. Televisheni kazima. Kasema natafuna kama ngamia. Hadi theluji iyeyuke! Nikamuuliza Nazife, kwa upole, kama mama hajamkumbuka mwanawe Feramuz.
“Si ulimtaka mwenyewe?” akasema. “Haya, mtunze.”

Ijumaa, 18 Januari
Mungu mkubwa! Alfajiri, mlio kama bunduki. Maji yameganda ndani ya mabomba, yakayapasua. Jua lilipopanda, barafu ikayeyuka, ikapenya dari, ikamwagika kitandani kwa mama mkwe. Mwenyewe alikuwa jikoni, hakuguswa hata na tone.
“Wewe mwanamume,” akafoka, “unataka kunigandisha kama samaki?”
Nikaomba radhi huku nalia. Ya furaha, lakini machozi ni machozi. Feramuz kaja kumchukua, kavimba kifua, kabebeshwa mabegi yote. Maskini.

Jumapili, 20 Januari
Nyumba kimya. Nimekaa kitini pangu, nimetafuna nitakavyo. Dirishani namwona Feramuz juu ya paa lake akipangusa theluji kwenye paneli, Bi Gülizar chini akimwonyesha kwa fimbo pale alipopasahau. Chai haijawahi kuwa tamu hivi.

Jioni, mkahawani, Feramuz, macho mekundu kwa kukosa usingizi, bado akathubutu kusema, “Shemeji, wewe na jua hamjuani.”
Watu wakacheka. Damu ikanichemka. Nikasimama, nikatangaza: kiangazi nafunga mabomba na paneli pamoja, paa zima, na baridi ijayo Mama atakaa kwangu mwanzo hadi mwisho!
Wakanipigia makofi. Feramuz kapiga kuliko wote, karibu anibusu. Wivu tu huo.