Kibali cha Jumapili

Teleza alikuwa amenyolewa nusu kichwa pale riziki ilipopita dirishani imebeba bunduki.

"Hebu subiri," alimwambia kinyozi, akachungulia.

Nje alikuwa anapita fundi makochi, mtu mwenye kitambi na maneno makubwa kuliko kitambi. Tangu aanze kutembea na bunduki begani, mtaa mzima ulimwita Jemadari. Aliibeba sokoni, aliibeba msalani, aliibeba hadi kwenye kikao cha wazazi shuleni. Polisi walimsimamisha siku moja, wakaiangalia ile bunduki, wakamwachia huku wanafuta machozi ya kicheko. Walichocheka hakuna aliyekijua.

Leo nyuma yake alikuwapo shemeji yake, kaka wa mkewe.

"Shemeji, bunduki ya kwendea chooni hata mimi naiweza. Ulituahidi picha na tembo kule hifadhini. Au tembo ndiye anakuogopa wewe?"

"Jumapili hii!" Jemadari alinguruma. "Jumapili, na bunduki begani!"

Lakini jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, na asubuhi ilikuwa ya baridi. Wengine wakitazama watu huona nguo. Teleza huona jasho. Mtu anayetoka jasho kwenye baridi ana shida, na mwenye shida ana mlango wazi.

"Nimalizie hii nusu upesi," alimwambia kinyozi. "Nimeitwa na serikali."

Teleza naye alikuwa na Jumapili yake. Mama wa mchumba wake alikuwa anakuja kuona anavyoishi, na chumbani kwake mlikuwa na mkeka, ndoo, na kiti cha miguu mitatu kilichoegemea ukuta kama mlevi. Mchumba wake alimwambia wazi: "Mama anakuja kukaa. Akikaa vizuri, mambo yamekwisha. Akikosa pa kukaa, mambo yamekwisha pia." Teleza alikuwa amedanganya wengi maishani, ila huyo binti alimpenda kweli, na kweli ikimwingia mtu asiyeizoea humpa homa.

Na huyo mama hakuwa mama wa kawaida. Alikuwa mkuu wa askari kwenye lango la hifadhi. Binti yake alilelewa kwa sheria za silaha kama wenzake walivyolelewa kwa bembelezi: hakuna kuingia hifadhini na bunduki; anayepita tu kwa barabara kuu aitangaze langoni, askari aifungue, atoe risasi, aifunge kwa waya na lakiri, na lango la pili wakague kama lakiri haijaguswa. Teleza aliyasikia hayo kila walipokaa pamoja, akayahifadhi. Mwindaji mzuri hatupi hata manyoya.

Akaingia karakanani akiwa na shati jeupe na kalamu tatu mfukoni.

"Jemadari, mkuu wangu. Nimesikia safari ya Jumapili. Nikasema, mtu mzima kama huyu akaaibishwe langoni, mbele ya shemeji?"

Jemadari akaacha kupiga randa. "Kuaibishwa vipi, ndugu yangu?"

"Watakunyang'anya. Wataifungua kipande kipande, wachungulie ndani."

"Ndani?" Jemadari alishika benchi. "Lazima waifungue?"

"Ndiyo sheria. Ila sheria ina ukuta, na ukuta una mlango. Kuna kibali maalum cha watu wazito. Mwenye nacho hapekuliwi."

"Na haishikwi na askari?"

"Haiguswi hata na nzi."

Jemadari alivuta pumzi mpaka kitambi kikapanda kifuani. Teleza akamhurumia kidogo: jinsi mtu anavyoweza kukipenda chuma! "Bei?"

Teleza alitazama pale ukutani palipokuwa na seti ya makochi ya zambarau, yenye vifungo vya dhahabu vinavyong'aa kama meno ya tajiri.

"Serikali haipokei makochi," Jemadari alisema, akiona macho yalipotua.

"Haipokei. Mimi nitayakalia kwa niaba yake."

Wakapeana mikono, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, jambo linaloonekana mara chache katika biashara. Kibali kiliandikwa kwa wino mwekundu, kikagongwa mhuri uliochongwa kwenye kiazi, na chini yake Teleza akaongeza: *Jumapili tu.* Hapo ndipo palikuwa na akili yake yote. Jumapili mama mkwe hatakuwa langoni. Atakuwa juu ya makochi. Jemadari atazuiwa na askari wadogo, bunduki itashikiliwa, naye kwa aibu hatasema neno.

Jumapili mama alifika, mrefu, mnyoofu, mwenye kutazama chumba kama anayekagua gari. Mchumba alisimama mlangoni, vidole mdomoni.

"Karibu Mama, karibu ukae."

Mama akaketi polepole. Kochi likatoa mlio kama wa paka aliyeamshwa, likanyamaza. Akajisogeza nyuma. Akatabasamu.

"Mwanangu, kumbe una kwako."

Binti alishusha vidole. Teleza akahisi ndoa inaingia chumbani na kuvua viatu. Hapo simu ya mama ikalia, na simu ile ya kazi ilipiga kelele hata jirani akasikia.

"Mkuu, samahani," ilisema sauti ya askari. "Tuna mtu hapa ana bunduki na kibali chenye harufu ya kiazi. Hataki tuiguse. Shemeji yake amekaa chini anacheka."

"Mpe simu." Uso wa mama ukabadilika kabisa. "Baba, kibali umepewa na nani?"

"Na afisa maalum, mama!" ilikuja sauti ya Jemadari. "Kichwa kimenyolewa upande mmoja vizuri, upande mmoja harakaharaka."

Teleza akavaa kofia.

"Ulimlipa nini?"

"Makochi, mama. Ya zambarau. Vifungo vya dhahabu."

Mama akatazama chini. Akagusa kifungo kimoja. "Kumbe ndiyo haya," alisema kwenye simu.

"Baba, kuingia na bunduki hifadhini ni jela. Unalijua hilo?"

Ikaja sauti ndogo sana, kama ya mtu mwingine kabisa: "Mama, siyo bunduki. Ni mti. Niliichonga mwenyewe, nikaipaka rangi. Nilitaka tu shemeji aniheshimu."

Kule langoni kikalipuka kicheko cha watu wengi. Hata mama midomo ilimcheza.

"Mti hauna kosa. Rudi nyumbani, baba."

"Ahsante, mama. Lakini mama... hayo makochi umeyaona wapi?"

"Nimeyakalia."

"Uwii! Inuka, mama! Inuka polepole! Ule mti mgumu wa bunduki ndio uliokuwa wa miguu ya kochi! Badala yake miguuni nimeweka maboksi ya..."

Kochi halikusubiri amalize. Lilisema *krak*, mama akashuka na heshima zake zote, miguu juu, vumbi la mbao likamfunika kama unga.

Teleza alitafuta uongo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuupata.

"Mama," alisema, "nampenda mwanao. Hilo tu ndilo sikulibuni."

Mama alijipangusa akiwa bado sakafuni. Akamtazama binti yake, aliyekuwa analia na kucheka pamoja.

"Sijakataa," alisema hatimaye. "Nilisema nakuja kukaa, na bado sijakaa. Utatengeneza kochi kwa mikono yako. Siku litakaponibeba, utaoa."

Ndiyo maana ukipita karakanani kwa Jemadari utamkuta Teleza amejaa vumbi, anapiga randa bila mshahara, na Jemadari nyuma yake, bunduki begani, akikagua. Kila mwisho wa wiki mama huja, huketi, husikiliza, huinuka. "Bado," husema.

"Kaza mkono!" Jemadari humfokea. "Huogopi bunduki wewe?"

"Bunduki yako siiogopi," Teleza hujibu, akipima mguu wa kochi kwa jicho moja. "Naogopa kochi."