Bwana Mmoja wa Saluni

Jumatatu, 6 Mei
Mhariri amenirudishia riwaya. Eti wahusika wote wanaongea kwa sauti moja: jambazi, bibi harusi, hata mtoto mchanga. Nisipowatofautisha kufikia Ijumaa, kitabu hakichapwi. Wivu mtupu. Hata hivyo nimempa jambazi mafua, bibi harusi nikamvika kofia. Kazi kwisha!

Jumanne, 7 Mei
Kazi haijaisha. Mke wangu amesoma, akasema sasa ni mimi mwenye mafua na mimi mwenye kofia. Nimemsamehe. Nikaenda saluni kwa shemeji, dada yake, ambaye ni msusi, nikachunguze watu walio hai. Nilijificha nyuma ya gazeti. Saluni nzima ikanyamaza. Shemeji alinitoa kwa heshima, yaani kwa kunishika kola.

Jumatano, 8 Mei
Mbinu mpya. Shemeji anawajua watu. Basi anisimulie mmoja, mimi niandike. Amekubali haraka mno, huku anafumua nywele za mteja. Akanipa bwana mmoja anayejiita msanii. Hapiti kioo bila kujipinda. Anakula kwa mashemeji zake kisha analalamikia chumvi. Kila anayemkosoa, kwake ana kijicho. Mteja alicheka mpaka kitana kikamdondoka. Nimeandika kila neno. Nikauliza kama bwana huyo yupo kweli. Shemeji akasema yupo sana, na mke wake ni mvumilivu ajabu. Maskini mama wa watu!

Alhamisi, 9 Mei
Nimemwingiza bwana huyo katika kila sura. Mchana nilikula kwa shemeji. Mchuzi ulipungua chumvi, nikamwambia. Jioni nimepeleka kazi kwa mhariri.

Ijumaa, 10 Mei
Ushindi! Mhariri amepiga simu. Wahusika wengine wote amewafuta, lakini bwana wa saluni anasema ni mtu kamili, unamsikia hadi anavyopumua. Anataka riwaya nzima imhusu yeye, na mkataba uko tayari. Akauliza nimemtoa wapi. Nimemjibu ukweli: kichwani mwangu. Mke wangu na shemeji wamecheka hadi wakaketi chini. Wananionea fahari, naona.

Limebaki tatizo moja. Kitabu kizima kinataka nimchunguze mtu wa aina hiyo kwa karibu, na mimi sijazoeana na watu kama hao. Kesho narudi saluni kumsubiri, huenda akapita.